Nani Hupandisha Bei ya Kiwanja? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Nyumba na Ardhi ya Mjini

Barua zilizotufikia safari hii zimeandikwa na watu wa hali mbalimbali: wanandoa wanaotafuta kiwanja, mpangaji aliyeingiwa na hofu, kijana anayetaka kununua nyumba ambayo haijajengwa, mwenye nyumba, na mkazi wa mtaa usiopimwa. Nilipozisoma kwa pamoja niliona kwamba karibu zote zinagusa swali moja, nalo ni hili: mji unapokua, thamani inayoongezeka humwendea nani? Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa majibu yanayofuata yanaegemea juu yake.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi na mume wangu tumekuwa tukiweka akiba kwa miaka sita ili tununue kiwanja pembezoni mwa mji. Kila tunapofikisha kiasi tulichokusudia, tunakuta bei imetutangulia, ingawa kiwanja chenyewe ni kichaka kilekile na hakuna aliyekifanyia chochote. Dalali anatuambia kwamba sababu ni kupanda kwa bei ya saruji na nondo. Je, ni kweli?

JIBU: Dada yangu, dalali amekueleza kwa nini kujenga kumekuwa ghali, lakini hakukueleza kwa nini kiwanja kimekuwa ghali, na hayo ni mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. Nyumba ni kitu kinachochakaa. Paa huanza kuvuja, mabomba huziba, nyaya za umeme huzeeka, na mwenye nyumba asipoikarabati, jengo lenyewe hupungua thamani mwaka baada ya mwaka. Kinachopanda ni ardhi iliyo chini yake, na ardhi haipandi kwa sababu ya udongo wake bali kwa sababu ya mahali ilipo. Kichaka mlichokitazama kimekaribiwa na barabara ya lami, bomba la maji limesogea, shule imefunguliwa jirani, na watu waliokuwa wakiishi mbali wamejenga kukizunguka. Ni kweli kwamba mwenyewe hakukifanyia chochote, lakini mji umekifanyia mengi, na malipo ya kazi hiyo ya mji yanaingia mfukoni mwake.

Watu wengi hudhani kwamba mwendelezaji milki hununua ardhi kwa bei fulani, akajumlisha gharama za ujenzi na faida yake, na hapo akapata bei ya kuuzia nyumba. Kwa kawaida hesabu yake huanzia upande wa pili. Huanza na bei ambayo wanunuzi wa eneo lile wanaweza kulipa, kisha akatoa gharama za vifaa na mafundi, ada za wasanifu na vibali, riba ya mkopo kwa miezi yote ambayo jengo halijaingiza kitu, na faida ambayo bila hiyo hakuna benki itakayomkopesha. Kinachosalia baada ya kutoa hayo yote ndicho anachoweza kumpa mwenye ardhi. Kwa hiyo mishahara ikipanda, au benki zikilegeza masharti ya mikopo ya nyumba, sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutiririka hadi kwenye kile kinachosalia, yaani kwenye ardhi. Ndiyo maana huniuma kuona serikali zikitoa ruzuku kwa wanunuzi huku viwanja vilivyopimwa vikiwa vichache vilevile, kwani fedha hizo hupita mikononi mwa mnunuzi kwa siku moja tu na kuishia kwa muuzaji wa ardhi.

Hapo ndipo inapoingia sheria ya mji kuhusu ukubwa wa majengo. Tuseme bei ya kiwanja kimoja ni mafungu 100. Ikiruhusiwa nyumba moja tu juu yake, nyumba hiyo hubeba mafungu yote 100, na yakiruhusiwa makao 20, kila moja hubeba mafungu 5. Lakini hesabu hiyo haikamiliki hivyohivyo, maana mwenye kiwanja akisikia kwamba yeye peke yake ameruhusiwa ghorofa kumi, atapandisha bei mpaka nafuu yote iwe yake. Nafuu humfikia mkazi pale tu ruhusa inapotolewa kwa maeneo mengi kwa pamoja, ili mwendelezaji akikataliwa na mmoja aende kwa jirani yake. Kibali kinachotolewa kwa kiwanja kimoja kimoja, baada ya vikao vya faragha, ni zawadi kwa mwenye kiwanja, na pia ni mlango mpana wa rushwa.

Ipo pia miji iliyoamua kwamba ongezeko la thamani lililoletwa na umma lirudi, walau kwa sehemu, kwa umma. Huko São Paulo nchini Brazili, tangu mwaka 2004 halmashauri imekuwa ikiuza kwa mnada vyeti vya haki ya kujenga zaidi ya kiwango cha kawaida, na mapato yake hutumika katika eneo lilelile. Huko Hong Kong, shirika la reli lililoanzishwa mwaka 1975 hupewa haki ya kuendeleza ardhi iliyo juu na kandokando ya vituo vyake, hivyo faida inayotokana na kukaribia reli husaidia kuijenga reli yenyewe. Singapore ilikwenda mbali zaidi: mamlaka yake ya nyumba iliundwa mwaka 1960, sheria ya mwaka 1966 ikaipa serikali uwezo mkubwa wa kutwaa ardhi, na leo takribani wakazi wanane kati ya kumi wanaishi katika nyumba zilizojengwa na mamlaka hiyo, wengi wao wakiwa wamezinunua kwa hati za miaka 99. Sipendekezi kwamba njia hiyo ya mwisho ifuatwe mahali popote pale. Uwezo wa kutwaa ardhi ukiwekwa mikononi mwa watawala wasiohojiwa na mahakama, wanaonyang'anywa kwanza huwa ni maskini. Hata hivyo, mji usiotoza chochote kwa ardhi iliyoachwa kichaka katikati ya huduma ambazo umma umezilipia unawalipa watu ili wasijenge.

Nanyi mfanye nini? Msiendelee kukimbiza kiwanja kwa kukitazama kwa macho tu. Nendeni ofisi ya mipango miji mkaone ramani ya eneo: njia za barabara, mabomba ya maji na maji taka zimepangwa kupita wapi, na ni sehemu ipi iliyotengwa kwa makazi. Kisha hesabuni nauli na saa za safari ya kila siku kwa miaka kumi, mziongeze kwenye bei ya kiwanja cha mbali. Mara nyingi kiwanja cha rahisi huonekana ghali baada ya hesabu hiyo, na nusu ya kiwanja, au chumba na sebule ghorofani karibu na kazi, huonekana kuwa nafuu. Ikiwa kuna ndugu au wenzenu kazini wenye nia kama yenu, fikirieni pia kununua kiwanja kimoja kwa ushirika uliosajiliwa na kujenga makao kadhaa juu yake.

SWALI: Katika mtaa wetu wa kupanga kunajengwa jengo refu la makao ya kifahari. Mwenye nyumba wangu ameshaanza kusema kwamba mtaa umepanda hadhi. Baadhi ya watu wananiambia nyumba mpya hupunguza kodi ya pango, wengine wanasema zitatufukuza. Nani mkweli?

JIBU: Wote wawili wana sehemu ya ukweli, ila wanatazama kwa vipimo tofauti vya umbali na muda. Familia yenye uwezo inapohamia katika jengo jipya, huacha nyumba waliyokuwa wakiishi, nayo huchukuliwa na familia ya kipato cha chini kidogo, ambayo nayo huacha nyumba nyingine. Watafiti waliofuatilia waliohamia majengo mapya katikati ya Helsinki waliona mnyororo huo ukifika hadi mitaa ya watu wa kipato cha chini ndani ya miaka michache. Huko Auckland, nchini New Zealand, mpango wa mwaka 2016 uliruhusu ujenzi mkubwa zaidi katika takribani robo tatu ya ardhi ya makazi, na vibali vya ujenzi viliongezeka sana baada ya hapo. Mji unaozuia nyumba za wenye fedha hauwafanyi watu hao watoweke, kwani hushuka na kushindania nyumba zilizopo, na katika ushindani huo mpangaji wa kipato cha chini hana nafasi.

Hata hivyo, mnyororo huo huhesabu mji mzima, ilhali wewe unaishi katika mtaa mmoja, na notisi ya mwenye nyumba haingoji miaka mitatu. Ulizia mambo mawili. La kwanza, je, jengo hilo linasimama mahali palipokuwa patupu, au yamebomolewa makao ya watu ili lijengwe? Ukibomoa makao 40 ya bei ya chini ili ujenge 30 ya bei ya juu, hakuna hesabu inayoweza kukupa nafuu. La pili, je, wanaonunua watayakaa au kuyapangisha, au wanaweka tu akiba yao ukutani na kufunga milango? Makao yasiyo na mtu hayaanzishi mnyororo wowote. Kuhusu mwenye nyumba wako, mwombe mkataba wa maandishi wa walau miaka miwili sasa hivi, kabla jengo halijakamilika, kwa maana huu ndio wakati ambao bado una nguvu ya kuzungumza naye.

SWALI: Mimi ni kijana nimeajiriwa, na nimevutiwa na kampuni inayouza nyumba kwa ramani: unaanza kulipa kabla ya msingi kuchimbwa, na bei yake ni ya chini kuliko ya nyumba iliyokwisha. Nimeoneshwa picha nzuri na nyumba ya mfano. Je, nilipe?

JIBU: Bado usilipe, mdogo wangu. Bei imekuwa ya chini kwa sababu wewe unaikopesha kampuni, na mkopeshaji yeyote mwenye busara huuliza maswali ambayo picha haziwezi kuyajibu. Nchini China uuzaji wa namna hii ulienea sana, na baada ya waendelezaji wakubwa kushindwa kulipa madeni yao mwaka 2021, majengo mengi yalisimama yakiwa magofu. Mwaka 2022 wanunuzi katika miji mingi walitangaza kwamba watasitisha marejesho ya mikopo ya nyumba ambazo hawakuwa wamekabidhiwa. Kosa lililokuwa nyuma ya mengi ya hayo ni rahisi kulieleza: fedha za wanunuzi wa mradi mmoja zilitumika kununua ardhi ya mradi mwingine, na mauzo yalipopungua hapakuwa na cha kumalizia wa kwanza.

India ilijaribu kuziba tundu hilo kwa sheria ya mwaka 2016, inayomtaka mwendelezaji asajili mradi kabla ya kuutangaza, aweke asilimia 70 ya fedha za wanunuzi katika akaunti maalumu ya mradi huo, na azitoe kulingana na kazi iliyothibitishwa na mhandisi, msanifu na mhasibu. Hata kama hakuna sheria ya aina hiyo mahali ulipo, unaweza kuomba mkataba wako uige mambo hayo. Awamu za malipo zifungwe na kazi inayoonekana, si na tarehe za kalenda: sehemu fulani msingi ukimalizika, nyingine nguzo na sakafu za ghorofa zikifika juu, nyingine paa, na sehemu nzito ibaki mpaka siku ya kukabidhiwa ufunguo na hati. Kampuni inayokataa kabisa kufunga malipo na kazi imekwisha kujibu swali lako.

Kabla ya mkataba, fanya utafutaji katika ofisi ya usajili wa ardhi wewe mwenyewe au kupitia wakili uliyemchagua wewe, wala usikubali wakili wa muuzaji kuwa wakili wenu wote wawili. Angalia hati iko kwa jina la nani, na kama ardhi imewekwa rehani benki, kwa sababu benki itakuwa na haki ya kwanza mradi ukianguka. Kisha omba nakala ya kibali cha ujenzi na uhesabu ghorofa zilizoidhinishwa. Imetokea mara nyingi kwamba tangazo lina ghorofa kumi na mbili ilhali kibali kina nane, na wanunuzi wa hizo nne za juu hawana walichonunua. Uliza pia mita za mraba zilizotajwa zinapimwaje, maana ukijumlisha unene wa kuta, baraza na sehemu yako ya ngazi, nyumba ya mita 80 inaweza kuwa na mita 60 za kukanyaga.

Nakuomba usipuuze gharama za kuishi katika jengo la pamoja. Lifti, pampu za maji, taa za ngazi, ulinzi na tangi la maji taka vinahitaji fedha kila mwezi, na paa litahitaji kutengenezwa siku moja hata kama wewe unaishi ghorofa ya kwanza. Soma ni nani atakayesimamia jengo, wamiliki watakuwa na kura vipi, na kama kuna mfuko wa matengenezo makubwa. Nimeona majengo mazuri yakichakaa ndani ya miaka kumi kwa sababu wamiliki hawakuwa na chombo cha kuamua pamoja, na lifti iliyokufa ikawageuza wazee wa ghorofa ya sita kuwa wafungwa ndani ya nyumba walizozilipia.

SWALI: Ni bora kununua au kuendelea kupanga?

JIBU: Ikiwa hutakaa mahali hapo kwa walau miaka mitano hadi saba, ada za uhamisho wa miliki, wakili, dalali na riba ya miaka ya mwanzo kwa kawaida humeza faida yote. Ikiwa utakaa zaidi, linganisha kodi ya pango na riba pamoja na matengenezo, si na marejesho yote, maana sehemu ya marejesho ni akiba yako.

SWALI: Mimi ni mwenye nyumba ndogo tatu za kupangisha, nazo ndizo pensheni yangu. Nasikia serikali inataka kuweka ukomo wa kodi ya pango. Je, hatua hiyo haitatuumiza sote?

JIBU: Inategemea ukomo wa namna gani. Mwaka 1994 wapiga kura wa San Francisco waliridhia ukomo uongezwe hadi kwenye nyumba ndogo za kupangisha zilizojengwa kabla ya mwaka 1980. Watafiti walikuja kuona kwamba wapangaji waliokuwamo walifaidika kweli na wengi wao hawakuhama, lakini wenye nyumba hizo walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15, wakiziuza au kuzijenga upya kwa ajili ya wateja wengine, na hasara hiyo iliwaangukia waliokuwa bado wanatafuta. Huko Berlin, sheria ya kugandisha kodi iliyoanza mwaka 2020 ilifutwa na mahakama ya katiba mwezi Aprili 2021, na wapangaji wengine wakalazimika kulipa malimbikizo.

Mimi naona kwamba kodi isigandishwe, ila kupandishwa kwake ndani ya mkataba kuwekewe kiwango kinachofuata mfumuko wa bei, kuwe na notisi ya kutosha, na mpangaji asifukuzwe bila sababu iliyotajwa katika sheria. Masharti hayo hayakuumizi wewe unayetaka mpangaji anayelipa na kutunza nyumba. Yanamzuia yule anayemtikisa mtu kila miezi sita ili aone atafikia bei gani kabla hajahama.

SWALI: Mtaa wetu haukupimwa, lakini tumeishi hapa zaidi ya miaka ishirini na wengi wetu tunatembea kwa miguu kwenda kazini. Tumeambiwa kuna mradi wa kutuhamishia kwenye maghorofa mapya nje ya mji. Wazee wanakataa, vijana wamegawanyika. Wewe ungetushauri nini?

JIBU: Ndugu zangu, ningeuliza kwanza yale maghorofa yatatunzwa kwa fedha za nani, na mtafikaje kazini siku ya kwanza baada ya kuhama. Mjini St. Louis, Marekani, katikati ya miaka ya 1950 ulikamilika mradi wa majengo 33 yenye ghorofa 11 kila moja kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, nao ulisifiwa sana. Matengenezo yalitegemea kodi za wapangaji wenyewe, mji ukaanza kupoteza watu na ajira, vyumba vikabaki vitupu, fedha za kutengeneza lifti na mabomba zikakosekana, na ubomoaji ukaanza mwaka 1972. Majengo mapya hayakumwokoa mtu, kwa kuwa kipato cha kuyatunza hakikuwamo ndani yake.

Linganisheni na Iquique, mji wa kaskazini mwa Chile, ambako karibu familia 100 zilikuwa zimeishi katikati ya mji kwa miongo mitatu bila hati. Wasanifu wakiongozwa na Alejandro Aravena waliona kwamba fedha zilizokuwapo zingetosha kujenga nyumba kamili mbali, au nyumba nusu palepale walipo, ambapo ardhi ilikuwa ghali zaidi. Walichagua nusu, na mwaka 2004 familia zikakabidhiwa nyumba zenye sehemu ngumu kuliko zote kwa mtu binafsi kuijenga, yaani muundo, paa, jiko, bafu na ngazi, pamoja na nafasi iliyoachwa wazi ili kila familia ijaze yenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Ninaamini kwa dhati kwamba uamuzi wa kulipia mahali badala ya kulipia kuta ulikuwa sahihi, maana ukuta mtu anaweza kuuongeza mwenyewe, lakini umbali hawezi kuupunguza.

Msikatae mradi kwa maneno matupu, kwa sababu mkikataa bila kuweka lenu mezani mtaitwa wakaidi na mashine za kubomolea zitakuja. Hesabuni kaya zote, wapangaji wakiwamo, kwa maana wao ndio husahaulika wakati wa fidia na huondoka mikono mitupu. Choreni ramani yenu ya mtaa, muoneshe njia za maji ya mvua, vyoo, na vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupita, kisha mkubaliane nyumba zipi zisogee ili barabara ipite, na wanaosogea wapewe nafasi ndani ya mtaa huohuo. Barabara chache zilizonyooka, bomba na mfereji vinaweza kuingia katika mtaa uliokwisha kujengwa kwa gharama ndogo kuliko kuujenga upya mahali pengine, endapo wakazi wamekubaliana mapema ni nani anatoa mita ngapi. Zile kaya ambazo zimesimama juu ya mkondo wa mto au chini ya nyaya za umeme mkubwa hazina budi kuhama, na msiwafiche hilo. Watafutieni kwanza nafasi zile za karibu, kisha mpeleke ramani na orodha hiyo kwenye ofisi ya mipango miji ikiwa na saini za kaya zote, kabla mkandarasi hajateuliwa.